Jeneza Lililopita Mingoyo

"Korosho, Korosho, hapa Mnazi. Unanipata?"

"Nakupata."

"Ndege imetua kwenye kiwanja cha zamani cha mradi wa karanga. Akiifikia, tumekwisha."

Mpelelezi Ismaili Likwata alizima redio, akaiwasha pikipiki yake ya Honda. Vumbi la Lindi likabaki nyuma.

Aliyekuwa akiwindwa ni Dakta Holm, mgeni aliyepokewa hospitalini kama ndugu, akalishwa mpaka pilau la Iddi. Asubuhi hiyo alikuwa ametoroka na vitu viwili. Kwanza, mtungi wa baridi kali wenye chembe nyeupe za damu ya Mwanaima, binti mdogo mwenye saratani ya taya. Chembe hizo ndizo askari wa mwili, na za Mwanaima zilipigana na ugonjwa kwa namna ambayo maabara haikuwahi kuona. Kampuni moja ya ng'ambo ilizitaka kimyakimya.

Pili, dawa yote ya mtoto. Wanunuzi walitaka vijaribiwe pamoja.

Kuchukua damu ya mtu kwa hila ni wizi. Kumwibia mtoto dawa ni unyama, sina neno jingine.

"Sindano yake ni leo, kaka," Sista Cecilia alikuwa amemwambia Ismaili. "Uvimbe umeanza kuziba koo. Dawa nyingine iko Dar, na Rufiji imefurika."

Kwenye kizuizi, askari alipiga saluti.

"Umemwona mzungu?"

"Hapana, afande. Imepita Land Rover ya msiba tu. Dereva, jeneza, na mfiwa amejifunika shuka."

"Mlikagua?"

"Maiti, afande?"

Ismaili hakumgombeza. Holm alikuwa amewasoma polisi vizuri.

Wananchi hakuwasoma.

Honda ilikata kona, ikapita njia ya mashamba ya chumvi, ikatokea Mingoyo kabla ya Land Rover. Ilikuwa Ijumaa. Watu walikuwa wakitoka msikitini.

"Shikamoo, Maalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mbio hivyo?"

"Kuna jeneza linakuja. Wenyewe hatuwajui."

"Basi wenyewe ni sisi," alisema Maalimu, akaingia barabarani. Wengine wakamfuata.

Land Rover ikafunga breki. Hakuna aliyeshika hata fimbo. Walinyoosha mikono tu, kila mmoja akitaka thawabu ya kubeba.

"Tuna haraka, ndugu zangu!" dereva alilia.

"Haraka ya wapi, na maiti hajaswaliwa?" Maalimu aliuliza. "Ni mwanamume au mwanamke?"

Swali la kawaida kabisa. Huulizwa kila msiba, maana dua hufuata jibu.

"Mwanamume," alisema dereva.

"Mwanamke," ilisema shuka kule nyuma, kwa lafudhi ya mbali sana.



Vijana walikwisha kuliinua jeneza. Lilikuwa jepesi mno, likapinda upande. Kitu kizito kikabingirika ndani, kikagonga ubao. Moshi mweupe ukafoka kwenye nyufa, baridi yake ikiuma vidole.

"Astaghfirullah!"

Jeneza likaanguka, likapasuka. Watu wakatawanyika. Holm alitupa shuka, bastola mkononi.

Alichelewa. Mdomo wa bastola ya Browning ulikuwa tayari shingoni mwake.

"Pole kwa msiba, Dakta," alisema Ismaili.

Bastola ya Holm ikaanguka mchangani. Wazee wakamshika, mmoja akimwuliza kwa hasira ya kweli kama kwao hakuna kufa.

Mtungi ulikuwa umefunguka na kumwaga kila kitu. Chupa za dawa zilikuwa zimeviringishwa ndani ya sanda. Ismaili alizikagua moja moja. Zote nzima. Alizitia kifuani, akarudi Lindi kwa mwendo ambao trafiki wangemfungia leseni.

Siku chache baadaye, simu ya hospitali iliita. Alikuwa Mkuu wa Ismaili, kutoka Dar.

"Holm?"

"Ndani."

"Chembe?"

"Zimeyeyuka juani, Mzee. Zimekufa."

Sauti ya Mkuu ikawa nzito. "Utafiti mzima huo, Likwata. Chembe zenyewe hazipatikani tena popote."

Ismaili alichungulia wodini. Shavu la Mwanaima lilikuwa limeshuka. Alikuwa akimgombeza Sista Cecilia kwamba uji hauna sukari.

"Zipo, Mzee. Zinakunywa uji."

Akaweka simu, akavaa miwani yake ya jua, akatoka.