Nukta za Vesta

Kila jioni, akishaosha vyombo, Tabea alitoka uani kwao Lyamkena, mjini Makambako, na darubini ndogo ya shule. Alikuwa darasa la saba. Kazi yake ilikuwa kuchora Vesta, asteroidi inayong'aa kuliko nyingine zote.

"Asteroidi ni jiwe kubwa linalozunguka Jua," Mwalimu Eufrasia aliwaambia wanafunzi wake. "Vesta iligunduliwa zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Choreni nyota mnazoziona. Nukta itakayohama ndiyo yenyewe."

Daftari bora lingekwenda Njombe kwenye maonyesho ya sayansi, pamoja na mwenyewe. Baba yake Tabea alikwishawatangazia wanakwaya wenzake kwamba bintiye atakwenda. Mtoto angerudi nyumbani na uso gani akikosa?

Wiki ya kwanza mambo yalimwendea vizuri. Ya pili ukungu ukashuka, na ukungu wa huku ukishapania kukaa, hata paa la jirani hulioni. Fredy, waliyekaa naye dawati moja, aliandika "ukungu" jioni tano.

"Daftari lako lina mapengo kama mdomo wa babu," Tabea alimtania.

Yeye mapengo hakuyataka. Alitafuta daftari jipya, akanakili kazi yote kwa rula, na zile jioni za ukungu akatia nukta kwa kukisia. Hata zile alizoziona kweli akazisogeza kidogo ili mstari unyooke. Karatasi za mwanzo akawashia jiko. Daftari lilipendeza, tusimnyime haki yake.

Ijumaa Mwalimu alilifungua, akazifuata nukta kwa kidole.

"Tabea, jioni hizi zote uliiona?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Wiki iliyopita Vesta ilionekana kusimama, kisha ikageuka. Dunia yetu nayo inatembea, ndiyo maana tunaiona hivyo. Yako imenyooka tu."

"Kulikuwa na ukungu," Tabea alisema kwa sauti ndogo. "Nilikisia."

Mwalimu akampa kalamu nyekundu. "Zizungushie ulizokisia. Zilizobaki zitatufaa."

Tabea aliishika kalamu, asiandike kitu. "Nimezisogeza zote, Mwalimu. Na karatasi za mwanzo nimezichoma."

Hata Fredy, aliyekuwa na kila sababu ya kumcheka, aliinamisha kichwa.

"Naomba nianze upya," Tabea alisema huku akilia.

"Itageuka tena baada ya mwaka na zaidi. Utakuwa umeshamaliza shule." Mwalimu alilichukua daftari la Fredy na mapengo yake. "Hili ndilo litakalokwenda Njombe. Umefanya vizuri kusema kweli leo, Tabea, na sitakuchapa. Lakini watoto, sikilizeni. Neno 'ukungu' nalo ni jibu, kwa sababu ni kweli. Mwenzenu ametazama anga wiki nzima na ameiona Vesta kwa macho yake. Sasa hana hata nukta moja ya kutuonyesha."