Tawi Nililoagiza Likatwe

Kifuniko cha sufuria kilianguka kabla ya alfajiri. Nikashtuka, hapa kwangu mtaani Lindi, karibu na Olympic, nikamkuta mjukuu wangu Adhis mbele ya kompyuta.

"Dani," ndivyo aniitavyo mimi nyanya yake, "Kagiri amenitoa!"

"Amekutoa wapi?"

"Kwa projekti! Jina langu amefuta. Leo saa nne anaonyesha wafadhili ukumbini huko Olympic, eti ni yake pekee!"

Wapendwa, huyo kijana, mwenzake wa kazi, alikunywa chai yangu miezi minane...

Adhis alinieleza polepole. Hiyo projekti ni app ya simu inayowakumbusha wagonjwa dawa. Kliniki moja ya Kawangware nayo ina app yake. Zote mbili hutumia maktaba moja, yaani ile programu ya kutuma ujumbe, na aliyeiandika ni Adhis. Kagiri hakuweka nakala. App yake huchota kwenye tawi la Adhis, yaani toleo analolisimamia mwenyewe mtandaoni, kila inapofanya kazi.

"Basi kata hilo tawi!"

"Dani! Kliniki pia inachota hapo."

"Wape tawi lao kwanza. Kisha kata."

Akanikodolea macho. "Dani, kumbe wewe ni mbaya hivi?"

"Nimezeeka, sijapoa."

Saa tatu u nusu kliniki ilikuwa salama kwenye tawi lake. Tukafika ukumbini, Adhis akafungua kompyuta... akakata.

Nilikaa mstari wa mbele. Kagiri akagusa simu. Kioo kikawa chekundu, app imekufa!

"Adhis, nisaidie!"

"Si uliandika peke yako, boss?"

Nilicheka hadi kitambaa cha kichwa kikalegea!

Wafadhili wakamwita Adhis mbele. Kagiri hata hakuwaangalia. Alikuwa anapiga simu.

"Mathe, dawa ya presha ya saa nne umemeza?... Simu haijalia?... Mathe?... Mathe!"

Kicheko kikanikauka.

Mgonjwa wa kwanza kwenye app yake alikuwa mama yake, Wagaki.

Adhis akalirudisha tawi hapo hapo. Mimi nikamwacha Kagiri akiendelea kupiga simu, nikapanda boda hadi kwa Wagaki, Kawangware.

Nilimkuta ameegemea mlango, kichwa kinamgonga. Nikampa dawa na maji. Alipopata nafuu akanisukumia kiti chake chenye mto, yeye akakalia ndoo. Wema huo ulinichoma.

"Mama Kagiri, ni mimi niliyesema likatwe."

Akaweka kikombe cha maji chini.

"Kagiri alistahili," akasema. "Lakini mimi nilikukosea nini?"

Nikaitazama ile ndoo aliyoikalia.

Kagiri sijamsamehe, na jina la Adhis limerudi, tena la kwanza! Lakini wewe unayepanga kulipiza, uliza ni kina nani wote wanaotegemea unachokata. Sisi tuliuliza nusu.

Nilipoinuka, Wagaki alinishika mkono.

"Simu hainiulizi nimelalaje. Kuja tena Alhamisi."