Sinendet ya Chemutai

Kila siku ya likizo Ayuma alifagia uwanja, akachota maji, kisha akawafungulia kuku. Ijumaa ile mama yake alimwongezea kazi moja.

"Nenda kwa mzee Were, pale shamba lake linapopakana na msitu, ukate sinendet. Ukiikata itatoa utomvu mweupe. Isiyotoa utomvu si yenyewe. Umenisikia?"

"Nimesikia, Mama."

Kesho yake kaka yake, Philip, angemwoa Chemutai, msichana wa Kinandi. Kwa Wanandi maharusi huvishwa shingoni mmea huo unaotambaa, ishara ya kuwatakia baraka. Mama mwenyewe ndiye aliyeomba kuuleta. Hapo awali aliipinga ndoa hiyo waziwazi, akiuliza kama wasichana wa Kiluhya wameisha. Sasa alitaka wakwe waone kwamba moyo wake umegeuka.

Lakini wapi! Njiani Ayuma alisikia ngoma za isukuti. Uwanjani mafahali walikuwa wakipiganishwa, watu wakishangilia. "Nitatazama kidogo tu," alisema, na hicho kidogo kikamaliza mchana wote. Jua lilipokuchwa alirarua mmea mwingine uliotambaa kwenye ua wa jirani, akaufunga vizuri, akauweka jikoni. Mama alikuwa akichambua mchele wa wageni, hakuukagua mmea. Majani ni majani tu, Ayuma alijiambia.

Asubuhi wakwe walipofika, kabla ya kwenda kanisani, nyanya yake Chemutai alipewa ule mmea amvishe mjukuu wake. Majani yalikuwa yameshalegea. Akavunja kikonyo, akakitazama. Kilikuwa kikavu.

"Mama Philip," alisema polepole, "haya ni majani ya mbuzi. Kama hukumtaka mjukuu wangu, ungesema tu."

Chemutai akaangua kilio. Mama alijaribu kujitetea, lakini nani angemwamini, kwa maneno yale aliyoyasema zamani? Ayuma alimwona mama yake akiaibika, na bado hakukiri. Aliogopa, basi. Ndoa ilifungwa, lakini nyanya hakuonja hata kuku aliyechinjiwa. Aliondoka bila kumuaga Mama.

Jioni Ayuma alishindwa kujizuia, akasema yote. Mama hakumchapa. Alikaa tu, akafuta machozi kwa leso. Jumapili walikwenda kwa mzee Were, Ayuma akaikata sinendet kwa mkono wake, kisha wakasafiri hadi Nandi.

"Nyanya, ni mimi," Ayuma alisema huku akilia. "Mama hakujua. Nisamehe."

Nyanya alivunja kikonyo. Utomvu mweupe ukamtiririkia vidoleni.

"Nimekusamehe, mjukuu wangu. Na wewe, Mama Philip, nilikukosea, unisamehe. Lakini siku ya kumvisha Chemutai ilikuwa jana."

Walipokuwa wakirudi, Mama alisema, "Ungeniambia Ijumaa kwamba hukufika kwa Were, ningekugombeza, na mambo yangeishia hapo. Uvivu wako ungesameheka. Lakini ulinidanganya, kisha ukaniacha niaibike nawe ukiujua ukweli. Ukikosa, sema mapema, kabla mwingine hajalipia kosa lako."

Sasa picha ya harusi imetundikwa sebuleni. Chemutai ana macho mekundu, na shingoni hana kitu. Kila asubuhi Ayuma hupita hapo na ufagio wake, na kila asubuhi humwona.