Pampu ya Marehemu

Jumanne chai ilinuka mafuta ya ndege. Maulida akaimwaga, akasugua sufuria kwa jivu, akachemsha nyingine. Ikanuka vilevile. Mumewe Seif, fundi wa ndege, akanywa kikombe kizima bila kukunja uso.

Alhamisi, jua likiwa utosini, nyumba yao ya Sofu ilianza kuvuma. Mvumo ulitoka ukutani, ukapita chini ya sakafu, ukatetemesha vyombo kabatini, kisha ukaingia kifuani mwa binti yao Raudha aliyekuwa akila ubwabwa, na mtoto yule wa miaka saba akaweka kijiko chini taratibu, akafumba macho, akasema kwa sauti nzito ya mwanamume: "Injini imezima. Tunashuka."

Wakamkimbiza Vihingo, kwa Bi Sada anayepunga majini.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Mlazeni hapa."

Bi Sada alifukiza ubani. "Wataka nini, mgeni? Kanga? Marashi?" Majini huulizwa hivyo, nao hutaja.

"Marashi ya nini?" ile sauti nzito ikajibu kinywani mwa Raudha. "Mimi nilikuwa rubani. Ndege ilianguka, nikafa nayo. Huyu baba ameng'oa pampu ya mafuta kwenye mabaki yangu, ameifunga kwenye ndege nyingine. Aitoe."

"Huyu hakuzaliwa jini," Bi Sada alinong'ona.

Maulida akageuka. "Kweli, Baba Raudha?"

"Pampu mpya ilichelewa. Hiyo ilikuwa nzima."

"Uliipima?"

"Niliitazama."

"Uliitazama! Kila siku unatuhubiria hapa mezani kwamba kifaa cha ndege iliyoanguka hakifungwi popote mpaka kipimwe upya, halafu ukatia saini kuwa ni salama?"

Bi Sada akamwambia Seif aweke mkono juu ya kichwa cha mtoto, aahidi. Akaahidi kuizuia ndege siku hiyohiyo. Raudha akakohoa, akafumbua macho, akaomba maji.

Walipotoka uani, Maulida alisema, "Haya, piga simu."

"Jumatatu. Leo abiria wameshapanda. Mtoto si amepona?"

Mwanamume huyu alimwahidi maiti kama anavyotia saini ndege: ili mradi yaishe. Maulida akampokonya simu, akalitafuta jina la Anselmi, mkaguzi wa mamlaka ya anga, akamweleza yote huku Seif akimvuta mkono na kufoka, "Utaniua! Leseni yangu!"

"Ndege haiondoki, mama," Anselmi alisema. "Naizuia sasa hivi."

Seif alifungua mdomo amtukane mkewe. Ukatoka mvumo, mrefu, wenye harufu ya mafuta, uliowapeperusha kuku wa Bi Sada hadi vichakani, na ndani ya mvumo ule ikaja sauti ya rubani, tulivu, ikitaja ndege moja baada ya nyingine ambazo Seif alizipitisha bila kuzikagua, na kila moja ilikuwa na kasoro gani, na nani alimwambia anyamaze.

Bi Sada alitoka mbio na chetezo. "Mleteni ndani upesi!"

"Mwache, Bi," Maulida alisema, akiisogeza simu karibu na mdomo wa mumewe. "Mkaguzi bado anasikiliza."