Funda la Kwanza

Wifi yangu Raheli aliolewa mwaka uliofuata baada ya sisi kuhamishiwa kijiji cha ujamaa hapa Ulaya, Ulaya yetu ya Kilosa, si ile ya Wazungu. Nasimulia kwa sababu watu wa Mikumi, wakwe zake, nao wanasimulia yao, na wanayosimulia ni uongo mtupu. Mimi ndiye niliyeshika opena siku ile. Chupa zilipita mikononi mwangu.

Habari ilianza asubuhi ya kawaida kabisa. Nilikuwa barazani na mama mkwe wangu, Letisia, tunapepeta mtama. Mbegu ya mtama ule alikuwa akiitunza tangu Raheli alipovunja ungo, anaipanda na kuivuna na kuiweka tena, na kila nikimuuliza ni ya nini anacheka. "Hii ni pombe ya harusi ya mwanangu," ananijibu. "Wewe utainywa mpaka umsahau mume wako." Nilimpenda yule mama. Nasema mapema ili mjue nimeegemea upande gani.

Pombe yake haikuwa na mfano huku kwetu. Na alishika taratibu yetu barabara: mwenye pombe huonja kwanza mbele ya mgeni, funda moja tu, kumtoa wasiwasi kwamba hakuna sumu wala dawa. Wengine hugusisha midomo wakajifanya wamekunywa. Mama Letisia alimeza kweli, na ukikaa karibu ulimsikia koo likisema *gudu*. Kisha anafuta ukingo wa kibuyu kwa kiganja, anakupa.

Siku ya kuhamishwa alikataa kutoka nyumbani kwake ng'ambo ya mto Miyombo. Waliotuhamisha wakachoma paa akiwa ndani, na mume wangu Paulo, ambaye ni mwanawe, akaingia akamtoa mgongoni. Mwezi haukuisha, yule aliyewasha kiberiti akaumwa na nyoka, akafa. Nyoka huku ni wengi kama kuku. Lakini katika kijiji kipya watu hawajuani, na kusengenya hakulipiwi. Ikasemwa Letisia anatuma nyoka, Letisia ni mchawi. Waliosema hivyo jioni walikuja kunywa kwake kama kawaida, ila sasa walimtaka aonje mara mbili.

Basi asubuhi ile wakwe wakafika. Waliongozwa na Ulimboka, baba mkubwa wa bwana harusi, msimamizi wa mashamba ya miwa kule Ruaha, mtu wa suti ya Kaunda na kalamu mfukoni. Tukawaamkia, tukawatandikia mkeka. Mahari ilikuwa imekwisha pokelewa, yamebaki mazungumzo ya karamu. Ulimboka akafungua kikapu chake, akatoa chupa mbili za bia, akazisimamisha mkekani. Moja ya Nyati, moja ya Taji.

"Ndugu zangu," akasema, "karamu iko kwetu Mikumi na vinywaji tumebeba sisi. Tumeamua, bia za chupa peke yake. Zitakuja zimefungwa, zitafunguliwa mezani kila mtu akiona. Bibi harusi achague mwenyewe anataka ipi. Pombe ya kienyeji haitaingia."

"Kwa nini, mzee?" Paulo akauliza.

"Unajua kwa nini, kijana wangu. Na kama hamridhiki, hatugombani. Tutarudi na mwanetu, na mahari mtaturudishia taratibu."

Mama Letisia alikuwa palepale, ungo mapajani. Alisikia kila neno.

Mimi nilimtazama Raheli, maana nilijua jambo ambalo wale wazee hawakulijua. Raheli alikuwa na mimba changa. Alikuwa ameniambia mimi tu, usiku akilia, ingawa nadhani mama yake naye alikwisha kuona. Harusi ikivunjika, angezaa mtoto asiye na baba, na kijiji kizima kingemwita mjukuu wa mchawi. Akichagua chupa, atakuwa ametangaza mbele ya watu kwamba mama yake ni mchawi kweli. Hapakuwa na mlango wa tatu.

Mama mkwe akainuka, akaingia ndani. Akarudi na kibuyu kidogo chenye shanga shingoni, alichokitengeneza kwa ajili ya bibi harusi, amekijaza pombe. Akapiga magoti mbele ya wageni, akaonja. *Gudu*. Akafuta ukingo, akakisimamisha juu ya ngata, katikati ya zile chupa mbili.

Hakuna mgeni aliyenyoosha mkono. Raheli akasogea mkekani.

"Nyati," akasema, akaigusa chupa.

"Sawa, mwanangu," mama yake akamjibu. "Na wageni wako nani atawaonjea?"

Ulimboka akacheka. "Chupa haionjwi, mama. Imefungwa kiwandani."

"Kwenye harusi ya mwanangu," mama Letisia akasema polepole, "kila kitakachonywewa nitakionja mimi."

Nilikasirika mpaka masikio yakaniwaka moto. Nikakichukua kile kibuyu nikakinywa chote, nikimkazia macho Ulimboka. Ilikuwa nzuri kuliko siku zote, na nikamwambia hivyo.

Wiki ile ile mama mkwe alijitwisha mtungi, akafunga kimea chake na kile kibuyu ndani ya kanga, akavuka Miyombo kurudi kwenye mahame yetu. Alisema anakwenda kupika pombe ya harusi, anayeitaka atamkuta huko. Raheli alisimama mlangoni, ameng'ata pindo la kanga.

"Mwambie hata neno moja," nikamnong'oneza.

"Nitamwambia nikishaolewa," akanijibu.

Siku ya harusi ikafika, mama Letisia hakutokea. Kanisani Raheli aligeuza shingo kila mlango ulipolia. Paulo alisema mama yake amesusa, hasira zikimwisha atakuja mwenyewe, na mimi nikamwamini kwa kuwa nilitaka kumwamini.

Karamu ilifanyika Mikumi mchana, chini ya turubai, jua likiwa kali na magari yakipita barabarani. Kiti cha mama wa bibi harusi kilikuwa mbele, kimefunikwa kitambaa cheupe, hakina mtu. Bia zilinunuliwa Kilosa, zikaletwa kwa lori, na Ulimboka alizifungia chumbani kwake, akalala nazo, ufunguo chini ya mto. Alijisifu hivyo mbele ya watu. Kisha akanipa opena.

"Fungua wewe wa upande wao," akasema. "Mbele ya macho ya watu, ili kesho pasiwe na maneno."

Nikafungua chupa ya kwanza. Kizibo kikalia, gesi ikatoka. Nikaiinua kumpa mzee aliyekuwa karibu, nikasita. Bia haikufika shingoni. Ilipungua funda moja.

Nikafungua ya pili. Imepungua funda moja.

Ya tatu hivyo hivyo. Nikaacha kufungua, nikaanza kuzinyanyua zilizofungwa, nazitazama juani. Vizibo vimekaza. Havina mkwaruzo. Na bia zote zimepungua, kiasi kilekile. Kwa ndani, kwenye shingo ya kioo, palikuwa na alama ya kijivu. Nikaingiza kidole kwenye iliyokuwa wazi, nikanusa. Machicha ya mtama.

"Paulo," nikanong'ona. "Njoo uone."

Ulimboka akaninyang'anya opena. Alisema kiwanda kimemwibia, akavuta kreti la chini kabisa, akachomoa chupa mwenyewe. Watu wote wakamtazama. Akafungua. Gesi ikatoka.

*Gudu*.

Niliisikia. Paulo aliisikia, uso wake ukabadilika. Sauti ilitoka katikati yangu na Ulimboka, na pale katikati hapakuwa na mtu. Ulimboka akatazama chupa mkononi mwake. Imepungua funda moja, na shingo yake ilikuwa bado inachuruzika kwa ndani.

Mzee Sironka, mfugaji aliyeleta mbuzi wa karamu, akaitwaa ile chupa kutoka mkononi mwake, akaichungulia.

"Zimeonjwa," akasema.

"Na nani?"

Aliinamisha kichwa kidogo kuelekea kile kiti cheupe, kama mtu anayemwamkia aliyemzidi umri, akanywa. Wengine wakamfuata mmoja mmoja. Walikunywa kimya, hakuna aliyecheka wala kupiga kigelegele, na muziki ulikuwa umezimwa bila mtu kuamrisha.

Nikachukua tena opena, nikafika meza ya maharusi. Ya Mathayo, bwana harusi, ilikuwa pungufu kama za wenzake. Nikafungua ya Raheli.

Povu likanimwagikia vidoleni. Ilikuwa imejaa mpaka mdomoni.

"Nifungulie nyingine," Raheli akaninong'oneza.

Nikachukua kutoka kreti la wageni. Nikaitazama kwanza, imepungua. Nikaifungua mbele yake, povu likapanda. Imejaa. Nikafungua nyingine. Imejaa.

"Wifi," akasema, machozi yakipita kwenye poda, "mimi mama hajanionjea."

Ulimboka alichoona ni ushindi. Alisema hizo ndizo bia nzima, hazijaguswa na mchawi yeyote, akazigugumia zote tatu. Hakufa. Nasikitika kusema hakufa. Hata tumbo halikumuuma, aliishi na akapandishwa cheo. Na mimi hapo ndipo nilipopata uchungu zaidi, maana niliona wazi kwamba hapakuwa na sumu mahali popote, kwenye chupa wala kwenye kibuyu. Tulikuwa tumemfukuza mtu bure.

Kesho yake tulivuka Miyombo, mimi, Paulo na maharusi. Raheli alikuwa bado na hina mikononi. Njia nzima alirudia maneno atakayomwambia mama yake, na yalikuwa maneno mazuri.

Tulimkuta amekaa, mgongo kwenye ukuta uliobaki wa nyumba yake iliyochomwa, mtungi pembeni. Alikuwa amekufa siku nyingi, muda mrefu kabla ya harusi. Siafu walikwisha kupita. Sitasema zaidi ya hapo, alikuwa mama yangu pia.

Pombe ya mtungini ilikuwa imechacha na kukauka juu, ukoko wa kijivu umepasuka. Lakini kando yake, juu ya ngata, palikuwa na kile kibuyu cha shanga, kimefunikwa jani la mgomba. Jani lilikuwa bichi. Paulo akalifunua.

Pombe ilikuwa mpya. Povu lilikuwa bado linapumua. Ilipungua funda moja, na kwenye ukingo palikuwa na alama ya mdomo, imelowa. Jua lilikuwa linachoma, na ile alama haikukauka.

"Ni yako," Paulo akamwambia dada yake. "Wewe amekuonjea hii."

Raheli akakichukua kwa mikono miwili. Mathayo akamsogelea sikioni.

"Usinywe," akanong'ona.

"Kunywa, wifi," nikasema mimi. "Si nilikunywa? Unaniona nimekufa?"

Akakipeleka mdomoni. Kikakaribia kabisa. Akamtazama mama yake pale ukutani. Shanga za kibuyu zikagongana, na nikaona uso wake unavyofunga kama mlango.

"Siwezi," akasema. "Naogopa."

Akakirudisha kwenye ngata. Alilisema neno lile mbele ya mama yake, mahali ambapo alikuja kusema maneno mazuri. Povu likatulia. Ile alama ya mdomo ikakauka palepale tunaitazama, ikaondoka kama haikuwahi kuwepo. Tukamzika mama Letisia karibu na ukuta wake. Kibuyu tulikiacha, na hakuna aliyeuliza nani akibebe.

Raheli alikaa na mumewe Mikumi. Mtoto alizaliwa salama, ana afya, sasa anasoma shule. Tangu alipoanza kunywa uji, kikombe chake hakijawahi kujaa. Ukimjazia na kugeuka, kimepungua funda moja.

Nilikwenda kuwatembelea baada ya mavuno. Raheli amekonda, mvi zimemuwahi. Alitumiminia chai watu watatu kutoka birika moja, vikombe vyote mpaka ukingoni, akainuka kwenda kuchukua sukari. Aliporudi, cha mtoto kilikuwa kimepungua. Changu kilikuwa kimepungua, na ukingo wake umelowa umbo la mdomo. Cha Raheli kilikuwa kimejaa vilevile.

Hakukitazama chake. Nadhani alikwisha kuacha kukitazama miaka mingi. Alikichukua changu, akaweka midomo yake taratibu pale palipolowa, akafumba macho. Alipokishusha, ukingo ulikuwa mkavu.

"Chukua wifi, unywe," akaniambia, akinirudishia kikombe. "Wewe umeshaonjewa."