Fomu Arobaini za Bwana Mulei

Siku kompyuta ya shule ilipounganishwa na simu ya ofisi, mwaka wa tisini na nane, ofisi ilinuka marashi. Nani alijipaka? Katika shule ile ya wasichana huko Kathonzweni, hata sabuni ya kunukia ilipigwa marufuku.

Wa kwanza kuandikiwa na mgeni asiyejulikana, kwenye kioo cha kompyuta hiyo, alikuwa Kalunde wa kidato cha tatu. "Hujambo, mtoto wa Muthoki." Hakuwa ameandika jina la mamake popote. Mgeni huyo akauliza analala kitanda kipi, na nyumbani nani hufunga mlango. Kufikia wiki ya tatu Kalunde alikuwa hali chakula, na kila mashine ilipolia ule mlio wake wa kutafuta laini, aliinuka katikati ya somo, akapita kati ya madawati, akavuka uwanja juani bila viatu, akaenda kusimama mbele ya kioo akisema kwa sauti mambo ya kwao ambayo mtoto hamwambii mgeni.

Wenzake walimwita mamake. Muthoki alifika mchana, vumbi hadi magotini, akamkuta Kalunde ofisini mbele ya kioo, na mwalimu mkuu, Bwana Mulei, kando yake.

"Pole pole, Mama Kalunde," alinong'ona. "Inasikia. Waya nilitoa jana na bado inalia. Inasema iko na ruhusa ya mzazi."

"Ruhusa gani?"

Akatoa fomu. Wafadhili walitaka kila mzazi atie kidole kabla mtoto hajagusa mtandao. Mulei, mtu ambaye angeweza hata kutubu kwa niaba yako, alikuwa amebonyeza gumba lake mwenyewe mara arobaini.

"Nilitaka tu msitembee mbali."

Muthoki alicheka kwa hasira.

"Ni wangu," Kalunde akasema kwa sauti nzito ya kiume. "Nimepewa."

"Na nani? Mimi sijaweka kidole!" Muthoki alichovya gumba kwenye wino, akaligandamiza kando ya lile la Mulei. "Angalia vizuri, shetani wewe! Hiki ndicho changu, na kinakataa. Aliyekukaribisha yuko hapa. Dai kwake!"

Kalunde alianguka mikononi mwa mamake, akalia, akaomba uji.

Mashine ikalia tena. Kalunde hakusogea. Bwana Mulei aliinuka, akavua viatu, akasimama mbele ya kioo, akaanza kutaja wanawe mmoja mmoja, na mahali kila mmoja analala.