Folda ya Mabaki

Giza lilikuwa linaanza kuingia, na Mng'arisho alikuwa bado amekalia kompyuta pale studio. Jina hilo alipewa na mtaa, maana sura yoyote ikipita mikononi mwake hutoka inang'aa. Leo bibi harusi alikuwa anazidai picha zake, na filta ya zamani ilikuwa imegoma. Ndipo fundi wa kadi za harusi, jirani yake wa duka la pili, akamletea filta nyingine kwenye flashi ya kompyuta.

"Filta hii inakomba hata kovu," alisema bila kumtazama. "Ila soma maelekezo, dada."

Maelekezo! Nani asome maelekezo huku mteja anapiga simu? Mng'arisho akanakili mafaili, akayabandika mahali pa filta za programu yake ya kuhariri picha, akaiwasha upya. Kidirisha kikafunguka: CHAGUA FOLDA YA MABAKI. Mafundi tunajuana jamani. Ni ndiyo, ndiyo, endelea. Akabonyeza folda ya juu kabisa.

Ya juu kabisa ilikuwa AA MWANANGU. Hizo A mbili alizitia mwenyewe, ili picha za bintiye zisipotelee kwenye za wateja.

Akaanza na bibi harusi. Chunusi zikang'oka moja moja.

Pch.

Sauti ya majimaji. Kisha harufu... ya kidonda kilichofunikwa muda mrefu. Akadhani ni mtaro wa nje. Akamfuata mama mkwe, mwenye chunjua kidevuni. Pch. Safi kabisa! Akazituma picha zote.

"Mama, nawashwa," bintiye alisema kutoka kwenye benchi nyuma yake.

"Mbu hao. Maliza hesabu zako."

"Mama... inatoka maji."

Akageuka.

Loo! Paji la mtoto lilijaa chunusi za mtu mzima, zenye vichwa vya njano. Kidevuni ilikuwa imeota chunjua ya mama mkwe, na vinyweleo vyake vya mvi. Chunusi moja ikapasuka yenyewe. Usaha ukateremka mpaka mdomoni, na mtoto, bila kujua, akaulamba.

Mng'arisho akatapika palepale sakafuni. Akaifuta filta, akazima kompyuta, akaiwasha. Wapi! Chunjua ilikuwa inanenepa. Akampigia fundi wa kadi.

"Umemfanya nini mwanangu?"

"Ulichagua folda ya nani?" alinong'ona yule fundi.

"Yake!"

"Uchafu haufutiki, dada. Unahamishwa tu. Rudisha filta, uchague folda nyingine. Lazima iwe na sura ya mtu."

"Wewe uliweka ya nani?"

Simuni, nyuma ya fundi, bibi kizee alisikika akipumua kwa shida, kama mtu mwenye uji puani.

"Ya mama," akasema, akakata simu.

Mng'arisho akairudisha filta. Folda zikajipanga: wanafunzi, wachumba, wazee wa watu. Mkono ukasita juu ya wanafunzi... Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na hao nao wana wazazi. Akatafuta sura yake mwenyewe, asiione. Miaka yote yeye ndiye aliyekuwa nyuma ya kamera.

Akampa mtoto kamera. Vidole vinavyonata usaha vikaishika.

"Tabasamu, mama."

Akatabasamu. Akaiingiza picha kwenye folda mpya, akaichagua iwe ya mabaki, akabonyeza.

Pch. Pch. Pch...

Uso wa mtoto ukasafika, ukawa laini kama zamani. Mng'arisho akaangua kilio cha furaha, akapiga magoti amkumbatie. Usaha vuguvugu ukamtiririka mashavuni pamoja na machozi.

Mtoto akaziba pua, akarudi nyuma mpaka ukutani.

"Usinibusu, mama."